Kipara Nyuma ya Kibanda cha Mafuta

Hadi leo nikisikia ndege ndogo ikipita juu ya paa langu, naacha ninachofanya. Kwa mlio tu najua kama imejaza watu au inarudi tupu, maana kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kupima abiria na mizigo yao kwenye uwanja mdogo wa ndege, na wenzangu waliniita Mizani. Binti yangu husema nimestaafu miguu lakini masikio bado yako kazini. Simkatalii. Zipo siku natamani hata ile harufu.

Mafuta, nyasi zilizokatwa asubuhi, na chai iliyochemka kupita kiasi. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya kazini kwetu. Tulikuwa na njia moja ya kurukia, ukumbi wa abiria wenye mabenchi sita, ofisi yenye redio na mizani yangu, na kibanda cha mafuta pembeni. Ndege zilikuja mbili kwa siku, tatu siku ikiwa njema. Watumishi tulikuwa watano tu, kwa hiyo kila mtu alikuwa na vyeo vingi kuliko mikono yake. Meneja alikuwa meneja mpaka ndege itue. Ikishatua, anakuwa mpagazi. Zimamoto, aliyekuwa na kofia nyekundu na ndoo nne za mchanga, sikumbuki kama aliwahi kuzima moto wowote zaidi ya ule wa jiko la chai. Kazi yake hasa ilikuwa kukata nyasi na kufukuza mbuzi wasiingie njia ya ndege. Mama Ukumbi alipiga deki na kutupikia chai. Na mumewe, mtu wa mafuta, alikuwa Mzee Chupa, ambaye habari hii ni yake.

Wageni wakisikia jina hilo walidhani ni mlevi. Masikini, hakuwahi kuonja hata tone. Chupa yenyewe ilikuwa ya jamu, ya kioo, na aliishika kila siku ya kazi. Kabla ya kujaza ndege mafuta, na baada ya kujaza, alikuwa akikinga kidogo kwenye ile chupa, anaiinua kwenye jua na kuitazama. Alikuwa akitafuta maji. Maji yakiingia kwenye mafuta hukaa chini, matone madogo yanayong'aa, na yakifika kwenye injini huko juu, injini inakohoa mara mbili halafu inanyamaza. Kanuni ilitaka akinge mara moja au mbili. Yeye alikinga mara tatu kwa kila ndege. Hakuwa mtu wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ingawa chupa na mafuta ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Rubani akimharakisha alikuwa akimjibu bila hata kumtazama, "Haraka yako iko chini hapa, mwanangu. Ikija kuwa huko juu utanikumbuka."

Akisharidhika, anamwonyesha rubani ile chupa, rubani anaitikia kwa kichwa. Halafu anapiga hatua kumi na mbili hadi nyuma ya kibanda, mbali na injini, na kuyarusha yale mafuta kwa mkono mmoja, kama mtu anayewamwagia kuku mtama. Mafuta ya ndege zile ndogo yalikuwa na rangi ya buluu, na juani yalikuwa yakimetameta kabla ya kuanguka. Watoto wa abiria walikuwa wakiwaburuta mama zao waje kuona. Marubani walisema wakiona mkono wa Mzee Chupa umepaa, hata wao mioyo inatulia. Nami nilipenda kumtazama, sioni haya kusema. Katika siku ambazo nilikuwa nagombana na abiria waliotaka kupakia mbuzi mzima kama mzigo wa mkononi, ule mkono ulinipoza.

Mahali alipokuwa akimwaga palikuwa pale pale, miaka yote. Angekuwa mzembe, angemwaga huku na huku, na huenda tusingejua lolote hadi leo. Lakini hakuwa mzembe. Na hapo mahali paliota kipara. Duara jeusi la udongo mgumu, upana wake kama chumba cha kulala, lisilo na hata jani moja. Sisi tulikizoea. Zimamoto alikishukuru, kwa kuwa ni sehemu moja asiyohitaji kuifyeka.

Sasa niseme habari ya Mama Ukumbi, na niseme na langu pia.

Mtelemkoni, chini kidogo ya kibanda, karibu na bomba la maji, kulikuwa na kipande cha ardhi kinachotosha matuta manne. Mama Ukumbi alipohamia kwenye nyumba za watumishi alikuwa mwanamke wa jembe. Alipanda nyanya. Zikachipua, zikawa za manjano, zikafa. Mwaka uliofuata akapanda pilipili, zikafa. Akaja na miche ya maua kutoka kwa dada yake, akaileta mapajani njia nzima, ikanyauka kabla ya mwezi kuisha. Miaka mitano alijaribu. Na kila mwaka, tukikaa kunywa chai baada ya ndege ya kwanza, Mzee Chupa alikuwa na mzaha wake.

"Mke wangu ana mkono wa moto," alikuwa akisema. "Mchicha ukimwona anakuja na jembe, unaandika wosia."

Tulicheka. Meneja alicheka hadi chai ikampalia. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilidhani mtu asiyelia haumii. Mama Ukumbi alikuwa akitabasamu na kukusanya vikombe. Mwaka wa sita hakupanda. Alimpa Zimamoto jembe lake, akamwambia, "Chukua, wewe litakufaa," na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tangu hapo, dirisha la nyumba yake lilikuwa ndilo pekee kwenye zile nyumba ambalo halikuwa na hata kopo lenye ua.

Ilipita miaka kumi na saba. Ndipo akaja mkaguzi.

Tulitegemea mwanamume mnene mwenye kalamu mbili mfukoni. Akateremka binti mwembamba mwenye buti zenye matope, na kabla hata hajanywa maji akauliza choo kinamwaga wapi. Meneja alimzungusha uwanja mzima akimwonyesha mabango, maana Meneja alikuwa mtu wa mabango: tatizo lolote likitokea, dawa yake ilikuwa bango. Tulikuwa na la USITUPE TAKA mahali ambapo hapakuwa na pipa la taka. Yule binti aliyasoma yote kwa adabu. Halafu akafika nyuma ya kibanda na kusimama.

"Hapa pana nini?" akauliza.

"Hapana kitu," Mzee Chupa akajibu.

"Ndiyo maana nauliza, baba."

Mzee akamweleza kazi yake kwa fahari, kuanzia chupa hadi mkono. "Miaka ishirini na miwili," akamaliza, "haijapanda ndege hapa na tone la maji."

"Hilo naliamini. Na mafuta unayomwaga huwa yanakwenda wapi?"

"Yanakauka, mwanangu. Jua hili unaliona."

"Yote?"

Yule binti akatoa daftari, akauliza chupa inaingia kiasi gani na ndege ni ngapi, akapiga hesabu yake. "Ni karibu lita elfu kumi," akasema, bila ukali. "Mengine yamekwenda na upepo. Lakini siyo yote." Akaomba jembe. Zimamoto akamletea lile alilokuwa nalo siku zote. Binti akachimba mwenyewe kwenye kipara hadi shimo likafika magotini, akaokota bonge la udongo na kumpa Mzee Chupa mkononi.

Mzee yule alikuwa anaweza kutofautisha mafuta ya ndege moja na ya nyingine akiwa amefumba macho, kwa pua tu. Aliunusa ule udongo. Uso ukamshuka.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Mvua ikinyesha, maji yanaelekea wapi?" binti akauliza, na kabla ya kujibiwa akawa ameona mwenyewe, akanyoosha kidole mtelemkoni. "Pale chini kuna kitu kinachoota?"

Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu. Mama Ukumbi alikuwa amesimama pembeni ya kibanda, ndoo ya kudekia mkononi.

"Pale ilikuwa bustani yangu," akasema. Akageuka, akarudi ukumbini kupiga deki.

Nimewaona watu wakiteremka kwenye ndege zilizoyumba angani mpaka miguu inakataa kuwabeba. Sijaona mtu aliyetoka rangi kama Mzee Chupa siku ile. Nami nilitamani ardhi ipasuke, maana kicheko changu cha miaka yote hiyo kilinirudia masikioni kama kilivyokuwa.

Mkaguzi alitupa miezi mitatu. Umwagaji ukome, vinginevyo pampu itafungwa, na uwanja usio na mafuta hakuna ndege itakayoupenda. Usiku huo sijui wao wawili waliongea nini nyumbani. Asubuhi Meneja alikuja na wazo la bango. Mzee Chupa akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mkubwa, bango weka, lakini mimi naomba pipa."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na nataka ieleweke kwamba hakuna mtaalamu aliyetumwa kutusaidia. Tulikuwa wale wale watano. Pipa lilipatikana, la chuma, na mfuniko wake, na Mzee akatoboa mdomo wa kuingiza faneli. Mafuta yote ya kwenye chupa yakawa yanaingia humo. Lori lililotuletea mafuta kila mwezi lilikuwa likirudi tupu, basi nikamwandikia mwenye lori mpaka akachoka na barua zangu, akakubali kurudi na pipa likijaa. Chini ya mdomo wa mpira wa kujazia tukaweka sinia la bati la kukinga matone. Zimamoto akapewa ndoo ya tano, ya unga wa mbao, ya kutupia pale mafuta yanapomwagika. Akaipenda kuliko zile nne za mchanga kwa kuwa hii ilipata kazi.

Kilichokuwa kigumu ni mkono wenyewe. Mkono wa miaka ishirini na miwili hausomi bango. Wiki ya kwanza nilimwona dirishani, kamaliza kupima, kapiga hatua zake kumi na mbili, mkono umeshapanda, ndipo anakumbuka na kusimama hapo na chupa yake hewani. Mara mbili aliyarusha kabla hajakumbuka, na mara zote mbili alichota ule udongo uliolowa kwa mikono yake na kuuweka kwenye ndoo. Rubani mmoja wa siku nyingi alichungulia dirishani akamwuliza, "Mzee, leo hunirushii? Nitapaaje?"

"Paa tu. Nitakupungia," Mzee akasema, na kweli akampungia kwa mkono mtupu.

Miezi mitatu ikaisha, mkaguzi akarudi, akatazama pipa, sinia na ndoo, akatia sahihi. Pampu ikasalimika. Meneja akachinjiwa soda, kama tulivyokuwa tukisema mtu akinunuliwa soda ya pongezi. Wote tulishangilia isipokuwa Mzee Chupa, na mimi nikamfuata nikamwuliza ana nini tena. Alikuwa amesimama juu ya mizani yangu, kama alivyozoea akitaka kuongea. Ilikuwa tabia yake. Nadhani alipenda kuwa na mahali pa kutazama zaidi ya usoni kwa mtu.

"Nimemletea miche," akasema, macho kwenye mshale. "Nimemwambia, mama, panda. Unajua kanijibu nini? 'Mimi? Mimi nina mkono wa moto.' Hata hakukasirika, Mizani. Angekasirika ningejua pa kuanzia."

"Mwombe radhi."

"Nimemwomba. Amesema yameisha. Lakini hapandi." Akashuka. "Nastaafu baada ya mwaka na nusu. Nyumba ni ya uwanja, tutaondoka. Sitaki aondoke hapa akiamini neno lile. Nataka kiote kitu pale, pale pale, aone kwa macho yake."

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yetu ya sita, juu ya zile tulizokuwa nazo. Yule binti mkaguzi, Mungu ambariki, alimwandikia maelekezo ukurasa mzima. Tulichimba kipara na yale matuta, tukautandaza udongo juu ya nailoni uwe mwembamba, tukauchanganya na samadi, na kila wiki tukaugeuza ili upate hewa, kwa sababu humo ndani mna vijidudu vinavyokula mafuta polepole vikipewa nafasi. Tuliugeuza kati ya ndege ya asubuhi na ya mchana. Meneja alivua koti. Mimi niligeuza nikiwa na viatu vya ofisini, nikaviharibu jozi mbili, na sikulalamika, jambo ambalo kwangu ni nadra. Samadi ilitoka kwa mwenye wale mbuzi wa Zimamoto. Mama Ukumbi alikuwa akituona kupitia dirisha la ukumbi. Hakuuliza kitu. Chai ilikuja kwa wakati wake.

Baada ya miezi minane Mzee alirudisha udongo na kupanda nyanya, peke yake, kwa siri ya kitoto. Zilichipua. Siku ya kumi na mbili zikaanza umanjano. Nilimkuta amechuchumaa mbele yake, kashika jani moja kati ya vidole, na nikajua alikuwa akiona nini. Alikuwa akiona nyanya za mkewe za mwaka wa kwanza, umanjano ule ule. Nilirudi ofisini bila kumsemesha.

Akazing'oa. Tukautandaza udongo upya. Mvua zikaja, zikapita, tukageuza, tukaongeza samadi, na miezi ya kustaafu ikawa inakatika. Ilipobaki miezi miwili alipanda tena. Safari hii sikwenda kutazama. Niliogopa. Nilikuwa namwangalia tu Mzee akitoka kule kila asubuhi, nikijaribu kusoma mabega yake.

Wiki yake ya mwisho kazini, baada ya ndege ya kwanza, tulikaa kunywa chai kama kawaida: Meneja, Zimamoto, mimi, na Mama Ukumbi akimimina. Mzee Chupa alikuja akasimama, kikombe chake mkononi, hakukaa.

"Mama," akamwambia mkewe, "njoo uone kitu. Na ninyi njooni. Mlikuwepo siku zile, na leo muwepo."

Tulimfuata hadi nyuma ya kibanda. Kwenye kipara kulikuwa na nyasi changa, bado chache, lakini nyasi. Na chini, kwenye matuta manne karibu na bomba, zilikuwa nyanya, kijani kibichi, zimefika magotini, mbili tatu zimeshatoa maua.

"Mkono wa moto ulikuwa wangu," Mzee Chupa akasema kwa sauti, ili tusikie sote. "Siyo wako. Haukuwa wako hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuulia mimea, halafu nakuja kukucheka mbele za watu."

Zimamoto alivua kofia. Mimi nilisema, "Na mimi nilicheka, mama. Nisamehe."

Mama Ukumbi hakumtazama mumewe. Alizitazama zile nyanya muda mrefu, akapita kutoka tuta la kwanza hadi la nne, polepole, akigusa majani.

"Umezibananisha," akasema. "Nani amekufundisha kupanda hivi? Hazina hata pa kupumua." Akachuchumaa, akakunja mikono ya gauni. "Zimamoto! Jembe langu liko wapi?"

Zimamoto alikimbia. Lilikuwa limelika kwa kufyekea nyasi, limebaki nusu, lakini Mama Ukumbi alilipokea kama lilivyo, akaanza kung'oa mche mmoja hapa na kuuhamishia pale, akitoa amri bila kuinua kichwa. Meneja ashike hiki. Mizani asikanyage tuta. Mumewe alete maji.

Mzee alikwenda bombani akarudi na ndoo. Akachota maji kwa kikombe cha kioo, kile alichokuwa akinywea chai yake, na kabla ya kuyamwaga mkono wake ukafanya ulichozoea. Ukakiinua kikombe kwenye jua. Akafumba jicho moja, akatazama.

"Unatafuta nini humo?" mkewe akamwuliza. "Si maji hayo?"

"Naangalia kama yana mafuta," Mzee Chupa akasema.

Tukatazamana, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kucheka. Kisha Mama Ukumbi akaanza kucheka, akiwa pale chini na udongo mikononi, akacheka hadi akakaa, na ndipo na sisi tukathubutu.